Soksi za Watoto wa Tahadhari

Ninaandika haya kwa shukrani, na shukrani yenyewe imechelewa miaka kumi na tisa. Mimi ni fundi cherehani, jina langu Mbaruku. Mtaani kwetu ninajulikana kwa mambo mawili: mishono iliyonyooka na mdomo usiojua kufungwa. Kwa hiyo msomaji asishangae nikianza na nchi ya watu kisha nikamalizia kwenye kibaraza cha jirani yangu. Jambo hili lilianzia hapo kibarazani, ila ilinibidi niende mbali ndipo nilione.

Nchi hiyo inaitwa Tahadhari. Njia niliyopita haina faida kwa mtu yeyote. Nilikuwa natafuta kitambaa cha nili, nikaambiwa kizuri kinatoka huko, nikaenda, nikafika. Sikudanganywa. Kila nyumba ya Tahadhari ina ua, na kila ua una shimo la nili lililochimbwa chini kimo cha mtu mzima, limesakafiwa vizuri, limejaa maji mazito ya buluu ambamo nguo huchovywa na kuinuliwa, huchovywa na kuinuliwa, tangu asubuhi mpaka alasiri. Juu ya shimo huwekwa kifuniko cha ukindu, chembamba kama ungo, cha kuzuia majani na vumbi. Watu wazima wote wana mikono ya buluu hadi viwikoni. Ukisalimiana nao unaangalia kiganja chako mara mbili.

Watoto wao nao wana jambo lao. Huvaa soksi. Si soksi za shule, ni soksi ndefu za kupita magoti, na wengine huongezewa glavu, na wengine kofia zilizofungwa kidevuni, katika jua la kupasua mawe. Niliwaona siku ya kwanza wakicheza wakitokwa jasho nikasema moyoni, hawa wazazi wao wana wazimu gani?

Mwenyeji wangu alikuwa mama wa makamo aitwaye Bi Radhia, mtia nili mashuhuri, anayeishi na mjukuu wake wa miaka minne, Kiku. Nikamuuliza habari za soksi.

"Ni adabu tu, mgeni," akanijibu bila kuniangalia. "Kwetu mtoto wa watu haonyeshi miguu."

Nikaliacha. Kila nchi ina adabu zake, na mimi nilifuata kitambaa.

Sasa nieleze sheria yao, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Watu wa Tahadhari wanaamini kwamba hakuna jambo linalotokea bila mwenyewe. Wana ofisi kubwa inayoitwa Ofisi ya Wenye Jambo, na ndani yake kuna kitabu, na kila linalotokea huandikwa humo pamoja na jina la aliyelisababisha. Siku nilipokwenda kujiandikisha nilipiga chafya mbele ya karani. Karani akaweka kalamu chini, akatoka, akarudi baada ya nusu saa na mama mmoja aliyekuwa akikaanga pilipili nyumba ya tatu. Mama yule akaandikwa kuwa mwenye chafya yangu, akaniomba radhi, nami nikamwomba radhi yeye, kisha tukaaibika wote wawili.

Hata mvua ina mwenyewe. Ni mzee mmoja aliyeteuliwa, naye hupewa kiti mbele ya ofisi ili watu walioloweshewa nguo zao wapate mahali pa kwenda kutukana. Nilizungumza naye. Aliniambia kazi si mbaya, kiti kina mto.

Unaweza kucheka, na mimi nilicheka. Lakini sheria hiyo ina kifungu kimoja kuhusu watoto. Kinasema kwamba anayetoa shukrani kwa ajili ya mtoto amekiri kwamba mtoto huyo alikuwa hatarini. Na mtoto hawi hatarini bila mwenyewe. Na mwenyewe ni aliyekuwa akimlea saa hiyo. Basi ukimwambia mtu asante kwa kumwokoa mwanao, umejiandikisha mwenyewe kitabuni. Mlezi aliyeandikwa hunyang'anywa watoto wote alio nao, wakapelekwa kulelewa Nyumba ya Macho. Hao walezi wa Nyumba ya Macho huchaguliwa miongoni mwa watu ambao hawajawahi kulea mtoto, kwa sababu hao ndio pekee ambao kitabu hakina kosa lao hata moja. Nilipoelezwa hivyo nilisubiri watu wacheke. Hawakucheka.

Siku ya tano ya ukaaji wangu, katika mtaa ule ule wa Bi Radhia, mtoto wa miaka mitatu aitwaye Mashavu alitumbukia kwenye shimo la nili la kwao akafa.

Mama yake aliitwa Sikitu. Siku ile alikuwa akikamua kitambaa, mgongoni amembeba mdogo wa Mashavu, mchanga wa miezi mitano. Mchanga akatapika. Sikitu akaingia ndani kuchukua kitambaa cha kumfutia. Alipotoka kifuniko cha ukindu kilikuwa kimebonyea katikati. Hayo ndiyo yote yaliyotokea, na nimeyaandika kwa ufupi kwa sababu yalikuwa mafupi.

Yaliyofuata ndiyo yalikuwa marefu. Desturi yao ni kwamba mtoto akifa hazikwi mpaka mwenye kifo ajulikane, na kumtafuta ni kazi ya umma wote. Kabla ya adhuhuri kamba zilikuwa zimefungwa mbele ya nyumba ya Sikitu, kutoka mti hadi mti, na watu wakaanza kutundika vitambaa vya maoni. Kila kitambaa huanza kwa maneno "Ningekuwa mimi." Hakina jina la aliyekiandika, kwa heshima ya uhuru wa maoni. Vilitoka mtaani, vikatoka mitaa ya mbali, siku ya pili vikaletwa kwa mafurushi kutoka miji ambayo hakuna mtu aliyewahi kumsikia Sikitu. Kamba zikalegea kwa uzito. Mama wa watu akitaka kwenda kuteka maji ilimbidi ainame apite chini yake, na mchanga mgongoni, vitambaa vikimpapasa usoni.

Nilivisoma, Mungu anisamehe. Nilikuwa na nafasi na nilikuwa na hamu. Kimoja kilisema: Ningekuwa mimi, nisingempa mgongo hata kufumba na kufumbua. Kingine: Ningekuwa mimi, ningekuwa nimeshamfundisha kuogelea. Kingine: Mimi sina mtoto wala sitaki, lakini ningekuwa naye. Mmoja aliandika kwamba nguo za Sikitu siku zote zilikolea nili vizuri mno, dalili ya mama anayependa kazi kuliko mwanawe. Na kilichokuwa kando yake kilisema kwamba nguo zake hazikuwahi kukolea, dalili ya uzembe. Vilitundikwa bega kwa bega na hakuna aliyeona tatizo. Viwili vitatu vilianza na pole. Lakini huko pole haitundikwi peke yake, karani huirudisha kama barua isiyo na anwani, ni lazima ifuatwe na "lakini."

Pale chini ya kamba mijadala ilikuwa mikali. Wako waliosema mwenye kifo ni mama. Wako waliosema ni bibi, kwa kumlea mama vibaya. Msomi mmoja mwenye miwani alithibitisha kwamba ni Mashavu mwenyewe, kwani miaka mitatu ni umri wa kutosha kujua shimo ni nini, na watu wakamsikiliza mpaka mwisho. Baba hakutajwa. Jina lake Fumbwe. Alikuwa shamba la mnili, mmea unaotoa nili, mwendo wa nusu siku kutoka hapo. Alikuja mbio, tope hadi mapajani, akajipenyeza hadi kwa karani akasema, "Niandikeni mimi. Lile shimo nililichimba mimi." Karani akamwambia kwa upole akakae upande wa wageni, kwa kuwa katika Tahadhari baba huandikwa kuwa mwenye jambo pale mtoto anaposhinda mashindano.

Siku ya tatu ikapangwa kuwa siku ya kikao. Mwandishi Mkuu wa Ofisi, Bwana Thabiti, angekuja uwanjani na kitabu chake, na umma ungesema. Msemaji wa kwanza alikuwa Bi Radhia. Kumbe mwenyeji wangu alikuwa bingwa wa hotuba za Ningekuwa Mimi. Alikuwa na zawadi mbili ukutani. Tangu alfajiri alikuwa akizunguka chumbani akifanya mazoezi, akinyanyua mkono, akiushusha, akianza upya.

"Fundi," akaniambia, "nifanyie hisani. Soksi ya Kiku imelegea mpira, inamshuka. Nishonee kabla hatujatoka, leo macho ya watu ni mengi."

Nikamweka Kiku kwenye kigoda. Fundi huwezi kushona mpira wa soksi mguuni mwa mtu, utamchoma. Nikaivuta ikatoka.

Mguu wa yule mtoto ulikuwa wa buluu. Si madoa, ni buluu moja iliyokoza kuanzia vidole hadi juu ya goti, na mwisho wake umenyooka kama pindo. Nikamvua soksi ya pili. Vilevile. Kiku akanyoosha vidole vyake, akapunga hewa kwa raha.

Bi Radhia aligeuka akatuona. Mkono wake ulikuwa juu, kwenye mazoezi.

"Mvike," akasema.

"Bi Radhia, mtoto huyu alitumbukia."

"Mvike, nakwambia!" Kisha akakaa chini sakafuni, mtu mzima yule. "Mwaka jana. Nilikuwa hapo hapo uani. Hapo, hatua nne. Nilikuwa nageuza kitambaa tu. Ukindu haukutoa hata sauti."

"Nani alimtoa?"

Akaiokota soksi ya pili akaikunja kiganjani.

"Sikitu," akasema. "Alikuwa anapita na ndoo. Aliitupa ndoo, akazama mkono mpaka begani, akamvuta kwa nywele. Akamminya tumbo, akampulizia. Kiku alipolia, Sikitu akaniangalia, nami nikamwangalia. Akaokota ndoo yake akaenda zake. Hatujawahi kulizungumza."

"Hukumwambia asante?"

"Nimwambie asante wanichukulie Kiku?" Akajifuta macho kwa mkono wa buluu. "Nili ya juu huoshwa ikatoka, fundi, ila ile nzito ya chini, ilikozama miguu yake, haitoki upesi. Mwaka mzima, pengine miwili. Ndiyo maana ya soksi."

"Na wale wengine? Wenye glavu, wenye kofia?"

Alikuwa amekwisha kunijibu.

Ninaweza kudai kwamba nilimwonea hasira. Nilipaswa kumwonea hasira, mwanamke anayekwenda kumshambulia mwenzake aliyemwokolea mjukuu. Lakini niliinamia ile soksi nikatafuta sindano, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka kifungo kimoja cha nguo.

Miaka kumi na tisa iliyopita binti yangu Mboni alikuwa na miaka miwili na nusu. Mama yake alikwenda msibani akaniachia. Nilikuwa kibarazani na cherehani yangu, redio inatangaza mpira, nami nashona gauni la harusi lenye vifungo arobaini mgongoni. Mboni alikuwa chini nyuma yangu, akicheza na kopo la vifungo. Nilimpa kopo hilo mwenyewe ili anyamaze. Timu yetu ikapata penalti. Nilichosikia baadaye ni sauti ya viatu vya jirani yetu, Bi Mwanjaa, akiruka ukuta mfupi kati ya vibaraza vyetu, mwanamke mzito yule. Nikageuka. Uso wa mwanangu ulikuwa umebadilika rangi. Bi Mwanjaa akamshika miguu, akampindua kichwa chini, akampiga mgongoni, akampiga tena, kwa nguvu nisizopata kuona mtu akimpiga nazo mtoto. Kifungo kikaruka kikagonga sakafu. Mboni akavuta pumzi akalia.

Sikusema kitu. Nilimchukua mwanangu, nikazima redio. Bi Mwanjaa akarudi kwake kwa kuzunguka mlangoni, hakuruka tena. Mama Mboni aliporudi nikamwambia siku ilikuwa nzuri. Na tangu siku hiyo nikawa namsalimia Bi Mwanjaa kwa juu juu, shikamoo ya kupita njia. Niliogopa kwamba nikikaa naye maneno yatatoka. Miaka mitatu baadaye nikauinua ule ukuta, nikasema ni kwa sababu ya kuku.

Basi nikashona mpira wa soksi, nikamvika Kiku, tukaenda uwanjani.

Sikitu alisimamishwa kwenye jukwaa la mbao, mchanga mgongoni. Nyuma yake, upande wa pili wa barabara, mlango wa nyumba yake ulikuwa umefungwa, na ndani ya mlango huo alilala Mashavu, ameoshwa, amefungwa sanda, siku ya tatu, akingoja watu wakubaliane. Sikitu hakuwaangalia waliomzunguka. Aliuangalia ule mlango.

Bwana Thabiti alifungua kitabu. Alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza, na nadhani ningempenda mahali pengine. "Tumsikie Bi Radhia," akasema, na watu wakapiga makofi kabla hajanyanyuka.

Bi Radhia akasimama, Kiku amemshika mkononi. Akanyanyua mkono ule aliouzoeza. "Ningekuwa mimi," akasema. Mkono ukabaki juu. "Ningekuwa mimi." Akaniangalia kama mtu anayeomba maji. "Mgeni atangulie. Ni adabu mgeni kutangulia."

Ndivyo nilivyojikuta nimesimama mbele ya nchi nzima. Nilikusudia kusema maneno mawili ya kistaarabu. Badala yake nikawaeleza habari ya kifungo. Niliwaeleza yote, redio, penalti, kopo, uso wa Mboni. Nikasema, "Mimi sina haja ya ningekuwa. Nilikuwa. Nilimpa mwanangu mgongo kama mama huyu, na yeye alimpa mgongo kwa sababu ya mtoto mwingine, mimi kwa sababu ya mpira. Tofauti yetu ni jirani. Mimi nilikuwa na jirani aliyekuwa akitazama, basi."

Bwana Thabiti aliweka kalamu tayari. "Huyo jirani, ulimshukuru?"

"Sikumshukuru."

"Vizuri," akasema kwa faraja ya kweli, akaiweka kalamu chini. "Basi hakuna jambo."

Hapo ndipo hasira ilinipanda. "Jambo lipo! Lina miaka ishirini na moja na linafundisha darasa la pili! Anaitwa Mboni, anacheka kama mama yake, na kila alichocheka tangu siku ile amepewa na Bi Mwanjaa. Sikuthubutu kusema kwetu, nasema hapa. Asante, Bi Mwanjaa. Asante kwa mwanangu."

Watu wakaangaliana. Neno lile la asante, kwa habari ya mtoto, watu wengine pale hawakuwahi kulisikia likitamkwa mchana.

Kisha Bi Radhia akapiga magoti. Alimkalisha Kiku chini, akamvua soksi ya kulia, akamvua ya kushoto. Akamnyanyua juu miguu inaning'inia, buluu, kila mtu aione.

"Asante, Sikitu," akasema. Sauti yake ya zawadi mbili ilikuwa imekauka, akasema tena. "Asante, mwanangu. Ulinipa huyu, nami nilikuwa nakuja kukuchukulia wako."

"Bi Radhia," akasema Bwana Thabiti, uso umemwiva, "mvike mtoto soksi."

"Hapana," akasema Kiku. "Nasikia joto."

Msomaji anawajua watoto. Mmoja akivua, wote wanavua. Kijukuu cha nani sijui, pale mbele, kikakaa chini kikaanza kuvuta soksi zake kwa bidii, mama yake akakishika mikono, kisha akaiachia. Kisha mwingine. Kisha kofia zikaanza kutoka, na glavu. Miguu ya buluu, viganja vya buluu, kichwa kimoja kimekolea nusu mpaka sikioni. Mama mmoja akapaza sauti akiita jina la mwenzake upande wa pili wa uwanja, "Asante! Asante kwa wangu!" na mwenzake akaitikia kwa kilio. Mzee mmoja alimshukuru mtu aliyekwisha kufa. Watu waliokuwa wamesimama kimakundi, akina mama-ndiye na akina bibi-ndiye, walikuwa wakitafutana. Karani alianza kuhesabu miguu, kwa mazoea tu, akafika zaidi ya nusu ya watoto waliokuwapo, akaacha.

Bi Radhia alikuwa amefika miguuni pa jukwaa. Sikitu akamtazama kwa mara ya kwanza. Nilikuwa karibu, niliyasikia maneno yake.

"Siku ile nilipomtoa Kiku," akasema, "nilirudi nyumbani nikataka kumwita seremala. Nilitaka kifuniko cha mbao, kizito, mtoto asikiweze. Nikafikiri, wataniuliza, kifuniko cha nini? Umeona nini? Nikaogopa. Nikaogopa kwa ajili yako na kwa ajili yangu. Nikakiacha cha ukindu."

Bi Radhia akaegemeza paji la uso kwenye mbao za jukwaa. Mimi mpaka leo sijui la kusema juu ya hilo.

Kisha Sikitu akamgeukia Bwana Thabiti. "Nilimpa mgongo mwanangu. Hilo nitakaa nalo mwenyewe, sihitaji msaada wa mtu. Andika unavyotaka. Lakini huyu wa mgongoni ni wangu, na yule wa mlangoni ni wangu, na leo ninataka kumzika."

Bwana Thabiti aliangalia kitabu chake, akaangalia uwanja. Akasema kwamba kitabu hakina nafasi kwa jambo lenye wenyewe wengi kiasi kile, na kwamba kikao kimeahirishwa mpaka kipatikane kitabu kikubwa zaidi. Mpaka ninaondoka kilikuwa hakijapatikana, na sikuona mtu aliyekuwa anakitafuta.

Tulimzika Mashavu alasiri ile ile. Fumbwe aliingia kaburini akampokea mwanawe, na hakuna karani aliyemwambia akakae upande wa wageni. Wanawake walizikata zile kamba, wakavikusanya vitambaa vya maoni, wakavitia vyote shimoni mwa Bi Radhia vikachovywa mpaka maandishi yakapotea. Na asubuhi yake seremala alikuwa na kazi ya miezi sita. Kifuniko cha kwanza kilitengenezwa kwa mbao za lile jukwaa alilosimamishwa Sikitu. Wanaume wawili ndio waliokibeba. Kiku alikanyaga juu yake, akaruka ruka, hakikutikisika.

Sitaki kusema kwamba Tahadhari ilipona. Mzee wa mvua bado alikuwa kwenye kiti chake. Lakini nilipoaga, watoto walikuwa wakicheza pekupeku barabarani, na mtu akipita aliweza kuona kwa macho yake nyumba zipi zilikuwa zimeponea chupuchupu, akawaza kuhusu ya kwake. Ninawashukuru watu wale. Walinipokea, walinilisha, na Bi Radhia alinipa kipande cha nili bora kuliko vyote nilivyowahi kukatia mkasi.

Nilipofika nyumbani nilianza na mama Mboni. Nilimwambia yote akiwa anapepeta mchele. Akasimamisha ungo. "Miaka kumi na tisa, baba Mboni?" akasema. "Na mimi najiuliza ule ukuta ulikukosea nini." Akaniambia nisikae, nitoke hapo hapo.

Bi Mwanjaa alikuwa kibarazani kwake akimenya viazi. Amezeeka, miguu imevimba. Nikamwamkia shikamoo, na safari hii sikupita. Nikakaa chini, nikamwekea kile kitambaa mapajani, nikamwambia, "Bi Mwanjaa, nimekuja kushukuru kwa Mboni. Siku ya kifungo."

Kisu kikatulia mkononi mwake. Akaniangalia mpaka nikainamisha uso.

"Unajua, baba," akasema, "nilimpiga kwa nguvu sana mtoto wako. Nilipofika ndani nikawa naiona akilini alama ya mkono wangu, pale kwenye mgongo wake mdogo. Wewe hukusema neno. Baadaye ukainua ukuta. Nikajua hujanisamehe kwa kile kipigo. Miaka yote hii nilikuwa nangoja nafasi nikuombe radhi."

Nilichukua kiazi nikaanza kumenya, kwa kucha, kwani kisu kilikuwa kimoja.

Jioni, jua likiwa bado juu, Mboni alirudi kutoka shule, chaki mikononi. Nilimwita kibarazani nikamweleza mbele ya Bi Mwanjaa, bila kupunguza kitu, hata penalti. Hakunilaumu, wala hakusema si kitu. Aliketi mkekani, mgongo ameuelekeza kwetu wazee wawili, akavuta khanga yake ikashuka begani, akasema, "Ni hapa, Bibi?"

Bi Mwanjaa akajifuta mkono wa viazi kwenye gauni lake, akauweka pale.

"Chini kidogo," akasema. "Hapa."